Viboko Katika Nchi za Theluji: Maswali ya Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu anasoma Berlin, Ujerumani, na mwezi Januari alinitumia picha aliyoipiga katika bustani ya wanyama ya jiji hilo. Nje theluji imefunika miti yote, na ndani ya jengo la vioo kiboko amejilaza majini kana kwamba yuko ziwani Igombe. Mimi niliyekulia hapa Kirumba, ambaye asubuhi za mwezi wa saba sitoki nje bila kujitanda kanga mbili, nimebaki nikijiuliza mnyama huyo anaishije huko. Je, hafi kwa baridi? Na nani anayempashia maji yote yale?
Mama msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Mama yetu wa Kirumba, shikamoo. Kiboko uliyemwona pichani hafi kwa baridi kwa sababu baridi yenyewe haimfikii. Jengo lile lenye makuba mawili ya vioo lilifunguliwa mwaka 1997, nalo tangu msingi lilikusudiwa viboko: bwawa limo ndani, hewa hupashwa moto, na upande mmoja wa bwawa ni kioo kitupu ili watu wamwone mnyama akitembea chini ya maji, jambo ambalo sisi tuliozaliwa kando ya ziwa hatujapata kuliona, kwa kuwa huku kwetu anayemkaribia kiboko kiasi hicho ana bahati akirudi kusimulia.

Hata hivyo swali lako ni kubwa kuliko jengo. Watu wengi hudhani kwamba mnyama wa tani moja na nusu, tena mwenye ngozi ya mgongoni inayofikia unene wa sentimita tano hivi, tayari amevaa koti la kumtosha. Sivyo. Kiboko hana manyoya isipokuwa vinyweleo vichache vya mdomoni, masikioni na mkiani, na ngozi yake, pamoja na unene wake wote, ina tabaka la juu jembamba sana linalopoteza maji upesi. Kinachomsaidia ni ukubwa wa mwili, ambao hupoa polepole kama sufuria ya ugali wa shughuli inavyobaki na moto wakati sahani ya mtoto imekwisha kupoa, pamoja na tumbo lenye vyumba vitatu ambamo nyasi huchachuka kwa muda mrefu na kutoa joto. Ndiyo maana ubaridi wa wastani haumtishi. Kabla ya bunduki kuwamaliza, viboko waliishi hadi kwenye mito ya karibu na Cape Town, ambako usiku wa kipupwe ni mkali kuliko wetu kwa mbali, na mwaka 1981 walirudishwa katika hifadhi ya Rondevlei iliyo pembeni mwa jiji hilo. Zamani sana, yapata miaka 125,000 iliyopita, dunia ilipopitia kipindi cha joto, walikuwepo hata Uingereza. Mifupa yao imefukuliwa katikati ya London, penye uwanja wa Trafalgar.

Mpaka wa uvumilivu wake uko kwenye maji. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa ya ubaridi uleule, na kiboko ni mnyama anayeshinda majini mchana kutwa. Hapa kwetu hilo si tatizo, maana uso wa Ziwa Victoria hukaa kwenye nyuzijoto 24 hadi 27 hivi mwaka mzima. Kule Berlin mwezi Januari wastani wa hewa hukaribia sifuri, na dimbwi la nje huweza kuganda. Kiboko akitolewa uani kwa dakika chache siku ya jua la baridi, anaweza kutembea na kurudi salama, lakini ukimwacha katika maji yanayokaribia kuganda unamuua. Kwa hiyo mtunza viboko wa nchi za baridi huwaza kwanza maji, kisha sakafu ambayo mnyama huilalia akiwa nje ya maji, na hewa huja mwisho. Katika majengo mengi mapya mabomba ya maji moto hupitishwa chini ya sakafu, na milango huwekwa miwili miwili ili mmoja ufunguliwe wakati mwingine umefungwa.

Nani anayepasha? Kwa kawaida ni boila, na gharama yake si ndogo, kwa kuwa bwawa la viboko ni maelfu kwa maelfu ya ndoo ambazo haziruhusiwi kupoa kwa miezi mitano. Wenye bahati ni watu wa Budapest, nchini Hungaria. Bustani yao inapakana na hamamu maarufu ya Széchenyi, na maji ya moto yanayobubujika yenyewe kutoka ardhini ndiyo yanayotumika kwenye bwawa la viboko. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 viboko wamezaana pale vizuri kuliko katika sehemu nyingi za Ulaya, na wenyeji husema siri ni maji hayo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi wa pwani ya ziwa tunaweza kulielewa kuliko Wazungu wenyewe. Adui wa pili wa kiboko katika nyumba ya kupashwa moto ni ukavu. Kiboko anapokaa nchi kavu hutoa ute unaogeuka mwekundu, ambao wazee wetu waliuita jasho la damu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walieleza kwamba si damu wala si jasho, bali ni rangi mbili, nyekundu na ya chungwa, zinazoikinga ngozi dhidi ya jua na vijidudu. Ute huo haushindi hewa kavu. Hewa ya msimu wa baridi, ikishapashwa moto na hita, hukauka kupita kiasi, na ngozi ya mnyama hupasuka kama kisigino chenye magaga.

Ushahidi mkubwa wa hilo ni kisa cha Leningrad, mji unaoitwa leo Saint Petersburg. Majeshi ya Wajerumani yalipouzingira mji huo kuanzia Septemba 1941, bustani ya wanyama ilikuwa na kiboko jike aliyeitwa Krasavitsa, yaani Mrembo, ambaye alikuwa amekaa pale tangu mwaka 1911. Mabomba ya maji yalikatika, bwawa likakauka, ngozi yake ikaanza kuchanika na kuvuja damu. Mtunzaji wake, mama mmoja aitwaye Yevdokia Dashina, alikuwa akivuta kwa kigari cha theluji pipa la ndoo 40 za maji kutoka mto Neva kila siku, akiyapasha, akimwosha mnyama, kisha akimpaka mafuta ya kafuri mwili mzima. Chakula chake kilikuwa kilo chache za mboga na majani, na sehemu iliyobaki ilikuwa unga wa mbao uliopikwa kwa mvuke, ili tumbo tu lijae. Mabomu yalipoanguka, Dashina alishuka kwenye bwawa tupu na kulala kando ya kiboko huyo ili amtulize. Krasavitsa alinusurika, akaishi hadi mwaka 1951. Ninapoulizwa kama kiboko anaweza kuishi kwenye theluji, huwa nawaza zile ndoo 40 na mafuta yale.

Berlin yenyewe ina kisa cha upande wa pili wa vita hivyo. Baada ya mapigano ya mwaka 1945, kati ya wanyama zaidi ya 3,700 waliokuwamo kabla ya vita, walihesabiwa 91 tu waliobaki hai, na mmoja wao alikuwa kiboko dume aliyezaliwa mwaka 1943, jina lake Knautschke. Aliishi hadi 1988, na sanamu yake ipo pale bustanini. Mwambie kijana akutumie picha. (Wazee wetu wataona ajabu kidogo kwamba Wajerumani wamemjengea kiboko sanamu. Huku kwetu, enzi za utawala wao, neno kiboko lilikuwa jina la mjeledi wa ngozi ya mnyama huyohuyo, na hesabu yake ilikuwa hamsa ishirini.)

Umri wao basi haupungui kwa sababu ya baridi. Jike aliyeitwa Tanga, jina la mji wetu, alifia Munich mwaka 1995 akiwa na miaka 61. Na mwingine, Donna, alifia mwaka 2012 katika bustani ya Evansville, Indiana, Marekani, akiwa na miaka 61 vilevile. Wa porini hufika 40 au 50 akiwa na bahati. Hata Asahikawa, kisiwani Hokkaido, mji ambao mwaka 1902 uliandika baridi kali kuliko yote katika kumbukumbu za Japani, nyuzi 41 chini ya sifuri, leo una bustani yenye jengo la viboko lililofunguliwa mwaka 2013.

Lakini kuishi miaka mingi na kuishi vizuri ni mambo mawili, na hapa natoa maoni yangu. Kinachokosekana katika nchi za baridi si joto, kwa kuwa joto hununuliwa. Kinachokosekana ni usiku. Kiboko wa ziwani hutoka majini jua likizama, akatembea kilomita kadhaa kwa njia zake zilezile, akala nyasi zipatazo kilo 40, akarudi kabla ya mapambazuko. Yule wa Berlin au wa Ohio, Marekani, kwa miezi minne au mitano ya mwaka, hufungiwa usiku huo ndani ya chumba, akiwa na nyasi kavu, mboga na chakula cha vidonge mbele yake, bila mahali pa kwenda. Kwato zake huchakaa kwenye saruji ikiwa ina makwaruzo, au huteleza ikiwa ni laini. Mwezi Desemba urefu wa mchana Berlin hautimizi muda wa saa nane, wakati Mwanza hatujui mchana ulio mbali na urefu wa saa kumi na mbili. Wenye bustani wenyewe wameanza kulikubali jambo hili kwa vitendo: London, iliyompokea mwaka 1850 kiboko wa kwanza kuonekana Ulaya tangu zama za Warumi, yule Obaysch aliyenaswa akiwa ndama katika mto Nile Mweupe, leo haifugi tena viboko wakubwa katikati ya jiji. Wako Whipsnade, mashambani, kwenye eneo pana.

SWALI: Mhariri, mimi ni mvuvi wa Kayenze. Sisi tunajua kiboko anavyochafua maji, anapunga mkia na kutapanya kinyesi kila upande. Ziwani mawimbi hubeba. Je, huko kwenye bwawa la ndani, tena la maji ya moto, hali inakuwaje? Si itanuka mji mzima?

JIBU: Umegusa mahali panapouma. Kwa zaidi ya miaka mia moja dawa ilikuwa moja tu, yaani kumwaga maji yote na kujaza mapya, mara nyingi kila siku au kila baada ya siku mbili, na katika nchi ya baridi hiyo ilikuwa na maana ya kumwaga pia mafuta au makaa yaliyoyapasha. Maji yalikaa safi kwa saa chache, kisha yakawa rangi ya chai ya maziwa, na wageni waliolipa kiingilio waliona pua na masikio tu.

Mabadiliko yalianza Marekani mwaka 1986, wakati bustani ya Toledo, Ohio, mji wenye theluji nyingi, ilipofungua bwawa la viboko lenye ukuta wa kioo na mitambo ya kuchuja. Maji huvutwa bila kukoma, hupita kwenye vichujio vya kunasa nyasi, kisha kwenye mchanga, na mara nyingi hupulizwa ozoni ili kuua vijidudu na kuondoa rangi, halafu hurudishwa yakiwa bado na sehemu kubwa ya joto lake. Hapo ndipo kuchuja kulipogeuka kuwa namna ya kubana matumizi ya nishati, na si usafi peke yake.

Wewe kama mvuvi utafurahia sehemu inayofuata. Katika mabwawa kadhaa ya namna hiyo huwekwa samaki wa jamii ya sato, wale wale tunaowajua, ili wale mabaki ya nyasi yaliyomo katika kinyesi na kuwasafisha viboko ngozi. Kwa hiyo katika jiji la Cincinnati, hukohuko Ohio, ambako sato hana ziwa la kuogelea, anafanya kazi ya usafi na hakuna anayeruhusiwa kumkaanga.

Harufu ipo. Jengo lililofungwa, lenye joto na unyevu, hukusanya hewa ya mkojo kiasi cha kuwasha macho, hula chuma kwa kutu na kuotesha ukungu kwenye kuta, hivyo hewa lazima ibadilishwe hata pale ambapo kila upepo unaoingia ni lazima upashwe moto upya. Hewa ya pamoja ina hatari nyingine pia: mwezi Desemba 2021 viboko wawili wa bustani ya Antwerp, Ubelgiji, walipimwa na kukutwa na virusi vya korona. Walitokwa na makamasi tu, kisha wakapona.

SWALI: Mwalimu wa shule ya msingi, Nansio, Ukerewe, anaandika: Wanafunzi wangu wameona kwenye simu kiboko mdogo kama nguruwe akifugwa Scotland. Je, ni ndama wa kiboko wetu?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Huyo ni aina nyingine kabisa, kiboko mdogo wa misitu ya Liberia na nchi jirani, ambaye akikomaa hafiki hata kilo 300. Wanafunzi huenda wamemwona Haggis, aliyezaliwa katika bustani ya Edinburgh mwezi Oktoba 2024. Huyo ni rahisi kufugwa katika nchi ya baridi, kwa kuwa hushinda zaidi nchi kavu, huishi peke yake au wawili, na nyumba yake ni ya kawaida. Ndama wa kiboko wetu huzaliwa akiwa na kilo 25 hadi 50. Fiona wa Cincinnati, aliyezaliwa Januari 2017 wiki sita kabla ya wakati, alikuwa na kilo 13 tu na hakuweza hata kujitunzia joto. Watunzaji walimkamua mama yake maziwa, na wataalamu wa hospitali ya watoto ya jiji hilo waliitwa kuutafuta mshipa wake wa damu. Alipona, na sasa ni jike mzima.

SWALI: Mimi ni mkulima wa Igombe. Msimu uliopita viboko walinimalizia nusu eka ya mahindi kwa usiku mmoja. Hao wenye majumba ya vioo wasije wakawachukua hawa wetu?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Nusu eka kwa usiku mmoja ni hasara ambayo anayemtazama kiboko nyuma ya kioo hawezi kuikadiria. Ila mpango wako hautakamilika, kwa sababu mbili. Kwanza, karibu viboko wote walioko kwenye bustani za Ulaya na Marekani wamezaliwa hukohuko, na bustani hizo hubadilishana wao kwa wao. Wengi hata huzuia majike yao kuzaa, kwa kuwa nafasi ya ndani ya msimu wa baridi ndiyo inayoweka kikomo cha idadi. Dume mmoja asiyepata pa kulala mwezi wa kwanza ni tatizo kubwa kuliko bei yake. Pili, kiboko amekuwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori tangu mwaka 1995, kwa hiyo hasafirishwi bila vibali. Na Serikali yetu mwaka 2016 ilipiga marufuku kabisa kusafirisha nje wanyamapori hai.

Njia yako ni nyingine. Toa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji au mtaa na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, shamba likaguliwe wakati nyayo na mabua bado yanaonekana, ili uombe kifuta jasho kwa mujibu wa kanuni. Ujue tu kwamba kifuta jasho si fidia, na hakitalingana na mahindi yako. Usijaribu kumfukuza usiku kwa fimbo na tochi, na usisimame kati yake na maji.

SWALI: Mwanafunzi wa chuo, Nyegezi, anauliza: Ikiwa maisha yao huko yana upungufu unaousema, kwa nini wasirudishwe nyumbani, hata kwenye hifadhi ya kisiwa cha Rubondo humu ziwani?

JIBU: Wazo lako si la ndoto, maana Rubondo imewahi kupokea wanyama kutoka Ulaya. Kati ya miaka 1966 na 1969, kwa juhudi za Bernhard Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, sokwe wapatao 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya walifunguliwa kisiwani humo, na kizazi chao kipo mpaka leo. Katika miaka hiyohiyo Kisiwa cha Saanane, tunachokiona kila siku kutoka Capri Point na ambacho tangu mwaka 1964 kilikuwa bustani ya wanyama ya kwanza ya Serikali nchini, kilitumika kuwahifadhi wanyama wengine waliokuwa safarini kwenda Rubondo. Saanane imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013.

Sokwe wale, hata hivyo, walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi kabla ya kukamatwa, na kisiwa hakikuwa na sokwe wengine wa kuwapinga. Pamoja na hayo, waliozoea mno binadamu waliwashambulia watu, na wawili wakapigwa risasi. Kiboko wa Berlin amezaliwa ndani, na mama yake pia huenda alizaliwa ndani. Hajui njia ya malisho, hana kinga iliyozoea magonjwa ya huku, na anamhusisha binadamu na ndoo ya mboga, jambo ambalo ni hatari kwa mtu yeyote atakayekutana naye ufukweni. Tena Rubondo ina viboko wake wa asili, na kila ghuba ina dume anayeilinda. Mgeni akishushwa hapo, dume huyo ndiye atakayemmaliza, kabla hajapata nafasi ya kujua kwamba maji ya ziwa letu hayahitaji boila.